Baiskeli Inayoitwa Sebule

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utaanza kutembea huku na huku kama kawaida yako na hutaimaliza. Habari za huko? Wifi hajambo? Na wale wanao wawili, yule mrefu amepunguza kukua au bado anazimaliza suruali? Wasalimie, waambie shangazi yao anawakumbuka na hajasahau aliyevunja kile kigoda. Sisi huku ni wazima. Mama anakula, analala, anabishana. Mimi mguu wa kushoto umevimba kidogo, lakini nakanyaga. Habari ya mguu itafika mahali pake, usiruke mistari kuitafuta.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe huongea, mimi husikiliza, na zamu yangu ikifika unakuwa na mkutano. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Barua inakuja na binamu yetu Redio, ambaye kesho anapanda basi la huko kwa shughuli zake. Ndiyo, Redio yuleyule aliyekutumia picha. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya makochi, kwa hiyo ikikufikia imechanika usiniulize mimi.

Juzi Jumatatu ulinipigia ukiwa moto. Ulisema umemwona mama kwenye picha, amekunjwa ndani ya sanduku la baiskeli ya mizigo kama gunia la viazi, mchana kweupe, watu wanatazama, huku gari ulilotuachia limeegeshwa uani linakula vumbi. Ulisema nimemgeuza mama mzigo. Ulisema mambo mengine ambayo wifi bila shaka aliyasikia na nina hakika hakuyapenda. Halafu ukasema Jumamosi unakuja kumchukua, akakae kwako moja kwa moja. Nikakujibu neno moja, njoo, nikakata simu. Ulidhani nimekasirika. Nilikasirika, siwezi kukataa, ila ndani ya neno lile kulikuwa na jambo jingine pia, na ndilo hasa lililonikalisha kuandika.

Kwanza nikueleze habari ya gari, maana unaiona kwa mbali.

Baada ya mama kuanguka bafuni na kufanyiwa upasuaji wa nyonga, ulituletea gari lako la zamani, nikashukuru, na shukrani ile sijaifuta. Lakini wewe uliondoka kesho yake. Hukubaki kuona. Kliniki ya viungo iko ng'ambo ya barabara kuu. Kwa kichochoro cha nyuma ya shule na kile kidaraja cha watembea kwa miguu, kisicho na ngazi, ni kilomita moja na kidogo. Kwa gari, kwa sababu barabara kuu imejengewa ukuta katikati, lazima uende hadi kwenye mzunguko ule mkubwa ugeuze urudi, ni kilomita tano, nimezipima kwa kipimo cha gari lako lenyewe. Kilomita tano za foleni, na mama amekaa nyuma, kichefuchefu kimempanda, kioo chake hakishuki. Ukifika, mlango wa kliniki uko huku na pa kuegesha pako kule. Unampakua mama, unamwegemeza ukutani, unakimbia kuegesha, unarudi mbio kuona kama bado amesimama.

Siku moja nikayasikiliza maneno ninayomwambia toka mlangoni petu hadi kule. Mama, inua mguu. Mama, inamisha kichwa. Mama, sogea. Mama, subiri. Yote yalikuwa amri. Hapakuwa na hata neno moja ambalo mtu mzima humwambia mtu mzima mwenzake. Naye akaanza kuyazoea. Akawa hainuki kitini mpaka aambiwe. Mama yetu, kaka, aliyekuwa akituamsha kwa kufungua madirisha yote kwa mkupuo mmoja. Sasa unaniambia mimi ndiye niliyemgeuza mzigo. Mzigo ulikuwa kwenye lile gari, kiti cha nyuma, umefungwa mkanda.

Mtaalamu wa viungo pale kliniki, binti mkali asiyecheka ovyo, aliniambia wazi kwamba mguu ule haulali kwa maumivu, unalala kwa kukosa kazi. Alitaka mama akanyage pedali kila siku. Ile baiskeli yao ya mazoezi imepoteza pedali moja muda mrefu, na foleni ya wanaongojea hiyo iliyobaki ni ndefu kuliko ya barabarani.

Sasa ndipo inapoingia Sebule.

Unajua kazi yangu. Natengeneza makochi, na kochi halibebeki kwenye baiskeli ya kawaida. Kwa miaka yote nimekuwa nikifunga vigoda na mabunda ya kitambaa nyuma ya ile baiskeli yangu nyeusi, na kwa kochi zima namtafuta mwenye gari ambaye huja saa anayotaka yeye. Hata hilo la kwako halifai, lina viti, halina nafasi. Basi nikakaa nikapiga hesabu, nikaenda kwa fundi vyuma aliye nyuma ya kiwanda cha mabati, nikamchorea ninachotaka. Akanitengenezea baiskeli ya matairi matatu, mawili mbele, moja nyuma, na katikati ya yale ya mbele sanduku la mbao linalomeza kochi la watu watatu likisimamishwa kwa ubavu. Mtaani waliipa jina siku ileile. Nilikuwa nikipita na kochi, stuli mbili na kimeza cha kahawa vikiwa juu yake, mtu akapaza sauti kwamba sebule hiyo inahama yenyewe. Jina likaganda.

Fundi vyuma aliniuliza kama najua kuendesha. Nikamwambia nimeanza kuendesha tangu miguu yangu haifiki chini, nikipitisha mguu mmoja chini ya kile chuma cha baiskeli yako, wewe ukinifukuza. Akacheka, akasema wanaojua ndio wanaoingia mtaroni. Nikamwona mpuuzi.

Kaka, niliingia mtaroni kabla sijafika kwangu. Ngoja nikueleze, maana na wewe ungeingia. Baiskeli ya matairi mawili huigeuzi kwa mikono, unaigeuza kwa mwili. Unalala kidogo, yenyewe inakufuata. Mwili umeshajua, hauulizi. Ya matairi matatu haijali umelalia wapi. Inakwenda ulikoielekeza, basi. Sasa barabara ikiinama kidogo kuelekea mtaroni, mwili wa mtu aliyezoea matairi mawili unahisi unaanguka, unataka kujinyoosha, mkono unafuata mwili, tairi linafuata mkono, na wote kwa pamoja mnakwenda mtaroni kama mliopatana. Mara ya pili niliingia na kochi la mwalimu mkuu. Lilitua miguu minne juu. Nikalivua kitambaa chote na kulivalisha upya, na mwalimu mkuu mpaka leo anasifia rangi bila kujua alikoipatia.

Nikaiogopa Sebule. Nikaiacha uani. Na kwa kuwa sipendi kitu kikae bure, nikaiinua kwa nyuma juu ya matofali, tairi likawa linazunguka hewani, nikamwambia mama aje akanyage pedali kama alivyoagizwa. Kile kiti cha baiskeli nilikitoa, nikamtengenezea chake. Sponji ngumu, si hizi laini zinazozama, upana wa makalio ya mtu mzima, na egemeo la mgongo lenye mikono kama ya kochi. Kuingia hahitaji kurusha mguu, anapita katikati anakaa kama anakaa mezani.

Mwanzo alilalamika. Alikanyaga kidogo, akaomba chai. Baada ya majuma kadhaa akawa anakanyaga huku mimi nagongea misumari, tunaongea, mara anaimba. Halafu akaanza kuuchukia ukuta. Sebule ilielekea ukuta wa jirani, na mama akasema ameshaujua tofali kwa tofali, anauota. Nikamwambia nitaigeuza Jumapili.

Ijumaa nikarudi kutoka kununua kitambaa, nikakuta matofali peke yake. Sebule hakuna. Mama hakuna. Nakuapia nilichofikiri kwanza ni kwamba mwizi amebeba vyote viwili. Nikatoka mbio hadi mwisho wa kichochoro, na pale mbele ya duka la unga nikaona kundi la wanawake wamesimama, katikati yao mama, amekaa wima kwenye kiti changu, anageuza. Alimwomba Redio aishushe kwenye matofali, na Redio, kama unavyomjua, hajawahi kukataa jambo litakalomletea habari. Nikakimbia nikasimama mbele yake nimeinua mikono.

"Pisha, mwanangu," akaniambia, "breki bado sijazizoea."

Nikapisha. Ungefanyaje?

Alipofika nyumbani nikamuuliza amepitaje pale penye mtaro. Akaniuliza mtaro gani. Kaka, mtu yule hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Babu aliwakataza yeye na dada zake, jambo ambalo sikulijua mpaka siku ile. Na kwa sababu hakuwahi kujua, mwili wake haukuwa na mazoea ya kumdanganya. Nilimkalisha nikataka anieleze anafanya nini na mabega, anafanya nini na kiuno. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayeuliza maji yana ladha gani.

"Wewe unabishana nayo," akasema. "Mimi naielekeza tu."

Basi akanifundisha. Mimi, fundi mzima, mwenye jina mjini, nikazungushwa uani na mama yangu akinipiga kofi begani kila nikilala upande. Akaniambia nimefaulu. Nikatoka barabarani kujionyesha, nikaingia mtaroni mara ya tatu, na safari hii sanduku likakilalia kifundo cha mguu wangu wa kushoto. Huo ndio mguu niliokuambia.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mama kliniki. Mguu wa kushoto, kama unavyojua, ndio wa klachi, kwa hiyo gari lako halikuwa na dereva. Nilikuwa kitandani nawaza teksi, mama akaingia. Amevaa koti langu la kazi, lile la buluu lenye gundi, kwa sababu asubuhi ilikuwa na baridi, na kofia yangu ameishusha mpaka nyusi. Akaniambia niamke, niingie kwenye sanduku, na mimi mguu wangu ukatazamwe hukohuko.

Nikabisha. Nikasema haiwezekani, nina kilo sabini na mbili. Akasema kochi la mwalimu mkuu lilikuwa na ngapi.

Nikaingia. Alinitandikia vipande vya sponji. Na kwa kuwa njia ile inapita mbele ya wateja wangu watano, na sikutaka hata mmoja aone fundi makochi amebebwa kama kochi, nikauchukua mtandio wa mama, ule wa kijani, nikajitanda kichwani na usoni, nikajikunyata. Pale kwenye kona ya shule Redio alikuwa amesimama na simu yake.

Sasa itoe ile picha uitazame tena, polepole. Aliyekunjwa kwenye sanduku kama gunia la viazi ni mimi. Aliye juu ya kiti, mgongo umenyooka, kofia mpaka nyusi, ni mama. Nimembana Redio akanionyesha alichokuandikia. Aliandika, mama na dada yako wakielekea kliniki. Hakusema nani ni nani. Hilo uliliamua mwenyewe, na sikulaumu sana, kwa sababu hata yule mtaalamu wa viungo alipotuona tunaingia, mmoja anachechemea ameshikilia bega la mwenzake, alituuliza kwa uso mkavu ni yupi kati yetu mgonjwa. Akampima mama goti na nyonga. Akampima tena. Akasema aendelee na hicho anachofanya, chochote kile, na badala ya kila juma aje mara moja kwa mwezi. Mimi nikafungwa bandeji nikaambiwa niache kuendesha kwa siku kumi.

Hapo ningeweza kumalizia, na ungeona mimi ndiye niliyeonewa na wewe ndiye mwenye makosa, na kusema kweli ningependa iishie hapo. Lakini nitakuwa nimekuibia nusu ya habari.

Uliponipigia na kusema unakuja kumchukua, yote haya yalikuwa yameshatokea. Ningeweza kukueleza palepale. Dakika moja ingetosha. Sikukueleza, nikakuambia njoo. Kaka, nilishusha pumzi. Nilikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, nikasikia mwili mzima unalegea, kama mtu aliyeambiwa aweke chini kitu alichokibeba tangu mwaka jana. Unajua nimeoga maji ya haraka kwa muda gani? Unajua ni wateja wangapi wamekwenda kwa mafundi wengine kwa sababu nilifunga mlango siku za kliniki? Sikuwahi kukwambia, kwa sababu ungetuma kitu kingine chenye injini. Nilipima, nikaona nimetoa fungu langu, na sasa ni zamu yako. Kwa hiyo sikungoja Jumamosi. Jioni ileile nikatoa lile begi kubwa, nikaanza kukunja nguo za mama. Nilikuwa nimefika kwenye sweta niliposikia kengele ya Sebule getini.

Alikuwa ametoka dukani kuninunulia uzi. Akaingia anahema vizuri, uso umepata rangi, akaliona begi. Akauliza nani anasafiri.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, kaka, ya kwako na ya kwangu. Kwamba wewe unamtaka, na kwamba mimi nilipoambiwa nilifurahi. Sikumtazama usoni nikisema. Nilitazama zipu.

Akakaa kitandani. Akasema alijua nimechoka, kwamba aliyachoka hata yeye mambo yake, na angekuwa mimi angelitoa begi mapema zaidi. Halafu akaanza kuzitoa nguo. Moja moja, anazirudisha kabatini, tena kwa mpangilio wake wa zamani, si huu wangu wa kurundika. Sikumsaidia. Nilisimama tu nikimtazama akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, bila mtu kumwambia inama, inuka, na ndipo nilipogundua kwamba siku hiyo nzima sikuwa nimemwamuru kitu. Wala jana yake. Kile kitu kizito nilichokuwa nangoja wewe uje unipokee kilikuwa kimeshaondoka, na mimi kwa mazoea nilikuwa bado nimeinamisha mgongo.

Nikamuuliza basi nikujibu nini. Alikuwa ameshika lile sweta.

"Mwambie aje," akasema. "Lakini aje kama mgeni."

Hilo ndilo jibu, na ni lake, sijaliongezea nukta. Mama hahami. Akitaka kuja kwako kukaa mwezi mzima atakuja, ataaga, atarudi. Mimi nimeanza kulala vizuri. Asubuhi nafungua karakana, naye anakwenda sokoni na Sebule, anarudi na mboga na mashtaka ya watu wote wa mtaani. Jana alimpelekea mteja stuli mbili. Nilimwambia asijichoshe, akaniuliza kama nina mtu mwingine asiyeingia mtaroni.

Gari lako liko salama. Jumamosi uje kwa basi, urudi nalo, litawafaa watoto. Kioo cha nyuma utakitengeneza.

Nisalimie wifi sana, mwambie kiti alichoagiza kiko tayari na kimekaa vizuri kuliko alivyokichora. Watoto wapige magoti wakikusalimia, uwaambie ni mimi niliyesema. Redio mpe chakula lakini usimpe habari. Mama anakusalimu, anasema hana kinyongo, na anasema pia usiteremke kituo kikubwa, teremka hiki kidogo cha kwenye shule. Teksi usichukue. Atakuja kukupokea mwenyewe.

Begi lako liwe dogo. Sanduku linabeba kilo mia na ishirini, na wewe, kwa picha za mwisho nilizoziona, peke yako umeshachukua sehemu kubwa. Kwenye kile kilima kabla ya nyumbani utashuka usukume. Usingoje kuambiwa mara mbili, abiria wake hawabembelezi. Mimi mwenyewe, na mguu wangu, nilishuka.

Ni mimi mdogo wako wa kike anayekupenda na kukudai radhi,

Fundi makochi